Kuchagua mota ya haidroliki ya kuendesha fyekeo la trekta: mwongozo kwa wakulima na mafundi wa Tabora

Mota ya haidroliki haizalishi nguvu yoyote. Inapokea nguvu iliyobebwa na mafuta kutoka kwenye pampu na kuigeuza kuwa mzunguko, basi. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu hapa Tabora wengi wanaotaka kujitengenezea fyekeo huanza kwa kununua mota, kisha ndipo wanatafuta pa kuifunga. Mwisho wake ni fyekeo linalozunguka vizuri hewani lakini likigusa majani linazimika, au mafuta yanayoungua kabla jua halijafika utosini. Utaratibu unaofaa ni wa kinyumenyume: anza na kisu, kutoka kwenye kisu nenda kwenye mota, kutoka kwenye mota nenda kwenye mafuta, halafu ndipo uangalie kama trekta lako linaweza kuyatoa hayo mafuta.

Ninawaandikia wenye matrekta ya nguvu farasi 45 hadi 75, yale tunayoyaona kila siku kwenye barabara za Urambo, Sikonge na Nzega, pamoja na mafundi wanaowachomelea. Chukua daftari na kikokotoo cha simu, maana hesabu zipo na hazikwepeki. Ni kuzidisha na kugawanya tu.

Hatua ya 1: Hakikisha unaihitaji haidroliki

Fyekeo la kawaida linalofungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na shafti ya PTO (ile inayotokeza nyuma ya trekta kuendesha mashine) kupitia giaboksi hupoteza nguvu kidogo sana njiani. Ukipitisha nguvu hiyohiyo kwenye pampu, hozi, valvu na mota, karibu theluthi moja itaishia kuwa joto. Hiyo ni dizeli yako.

Kwa hiyo kama kazi yako ni kufyeka uwanja wa shule, shamba la wazi lililopumzishwa baada ya tumbaku, au njia ya kuzuia moto kuzunguka msitu wenye mizinga ya nyuki, nunua fyekeo la PTO na uachane na mota. Ni rahisi, vipuri vyake vipo, na fundi yeyote wa trekta anaijua giaboksi yake.

Haidroliki inastahili gharama yake pale kisu kinapotakiwa kukaa mahali ambapo shafti haiwezi kufika. Kwetu hapa mfano mkubwa ni miembe. Matawi yameinama, trekta haliwezi kupita chini yake bila kuvunja matunda na bomba la moshi, na nyasi zilizobaki shinani ndizo zinazoleta moto mwezi wa nane na wa tisa. Unahitaji kichwa cha kufyekea kinachotoka ubavuni, kinaingia chini ya mti huku trekta likipita nje. Kazi nyingine za namna hiyo ni kingo za mabwawa na mifereji, na majani ya pembezoni mwa barabara yaliyo ng'ambo ya mtaro.

Mfano nitakaoutumia mpaka mwisho ni huo wa mwembe: kichwa kimoja chenye kipenyo cha sentimita 60, kwenye mkono wa ubavuni.

Hatua ya 2: Anza na kisu

Majani hayakatwi na uzito wa kisu, yanakatwa na kasi ya ncha yake. Fyekeo la kuzunguka linahitaji ncha iende kati ya mita 60 na 80 kwa sekunde. Chini ya hapo, kisu hulaza nyasi na kuzichana badala ya kuzikata, hata kama mota ina nguvu za kung'oa kisiki. Hesabu yake ni hii:

kasi ya ncha = 3.14 × kipenyo kwa mita × mizunguko kwa dakika ÷ 60

Tukitaka mita 75 kwa sekunde na kipenyo chetu ni mita 0.6, tunapata takriban mizunguko 2,400 kwa dakika. Kwa kipenyo cha mita 1.2, kasi ileile ya ncha inapatikana kwa mizunguko 1,200. Kisu kidogo huhitaji mzunguko wa haraka, kikubwa huhitaji wa polepole. Watu wengi hulikosa hili wanaponakili mashine ya jirani.

Sasa nguvu. Kwa nyasi ndefu zilizochanganyika na vichaka vyembamba, kadiria kilowati 12 kwa kila mita ya upana wa kukata. Kwa nyasi fupi za kupunguzwa mara kwa mara inatosha pungufu ya hapo, lakini usijidanganye: nyasi zetu zikifika mwezi wa tano zinampita mtu kimo, na chini yake zina mabua ya mwaka jana. Kichwa chetu cha mita 0.6 kinahitaji 12 × 0.6, yaani kilowati 7.2 kwenye shafti ya kisu. Andika namba hizo mbili: mizunguko 2,400, kilowati 7.2.

Hatua ya 3: Pima mafuta ya trekta lako

Hapa ndipo mipango mingi inapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Nguvu inayobebwa na mafuta hupatikana hivi:

kilowati = presha kwa bar × lita kwa dakika ÷ 600

Matrekta mengi yana valvu ya rilifu, ile inayofungua njia presha ikizidi, iliyowekwa karibu na bar 180 hadi 200. Usiipigie hesabu presha yote hiyo. Kama mota itafanya kazi muda wote kwenye presha ya kufungulia rilifu, mafuta yatakuwa yanarudi kwenye tangi kupitia rilifu kila kisu kinapokutana na kichaka, na yote hayo yanageuka joto. Tumia bar 160 kama presha ya kazi, uache nafasi juu yake.

Lita kwa dakika ni jambo la kupima, si la kusoma kwenye karatasi tu. Trekta dogo la zamani hutoa lita 15 hadi 20 kwa dakika. Mengi ya miaka ya karibuni hutoa 35 na kuendelea. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu: lita 17 kwa bar 160 ni kilowati 4.5 za mafuta, na ukiondoa upotevu wa mota hubaki kama kilowati 3.8 kwenye kisu. Hiyo haifiki nusu ya mita ya nyasi zetu.

Kupima bila vifaa vya gharama, fanya hivi. Pasha mafuta moto kwa kufanyisha trekta kazi kidogo. Funga hozi kwenye kapulingi ya nyuma (kiungio cha kutolea mafuta), mdomo wake ufungwe imara kwa kamba ndani ya chombo safi chenye nafasi, tayari umekitia alama ya lita 20. Weka moto wa injini kwenye mzunguko wa kazi, ule unaotoa mizunguko 540 kwa dakika kwenye PTO. Mwenzako afungue levya, wewe unahesabu kwa saa ya simu, na mafuta yakifika kwenye alama afunge. Sekunde 35 ni lita 34 kwa dakika. Sekunde 70 ni lita 17. Angalia kwanza kijiti cha mafuta: lita 20 zikitoka kwenye trekta dogo, pampu inaweza kuanza kunyonya hewa, na hewa ndani ya pampu ni uharibifu. Ikibidi, pima kwa lita 10. Mafuta uyarudishe kupitia chujio.

Kipimo cha ndoo kina udhaifu mmoja mkubwa. Kinapima mafuta yasiyo na mzigo. Pampu iliyochoka inaweza kujaza ndoo vizuri, halafu ikifika bar 160 ikavujisha theluthi ya mafuta ndani kwa ndani. Mafundi wa mitambo ya barabara huwa na kipimo cha mtiririko chenye geji na valvu ya kubana. Ukiweza kumpata mmoja, mlipe apime kwenye bar 160. Ni pesa kidogo ukilinganisha na bei ya mota.

Kwenye Massey Ferguson za zamani kama 135 na 240 kuna jambo la ziada. Pampu yao imo ndani ya nyumba (kasha) ya nyuma ya trekta, inazungushwa na shafti ya PTO, na mafuta yake ndiyo hayohayo ya giaboksi. Ilitengenezwa kwa ajili ya kunyanyua jembe na kupumzika. Kuilazimisha isukume mota kutwa nzima ni kuimaliza, na chembe za chuma zikitoka kwenye mota zitarudi moja kwa moja kwenye gia zako. Kwa matrekta hayo nasema bila kusita: usiunge mota kwenye mafuta ya trekta. Mota utaipigia hesabu kwa hatua ya 4, ila mafuta yake utayapata kwa njia ya hatua ya 5.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mota

Sasa ndipo mota inapoingia. Namba yake kubwa ni ujazo, yaani sentimita za ujazo za mafuta inazomeza kwa mzunguko mmoja. Mafundi huziita sisi, zimeandikwa cc.

Kwanza tafuta mafuta tunayohitaji. Mota nzuri ya gia hufikisha kwenye shafti kama asilimia 84 ya nguvu iliyopokea. Tunataka 7.2, kwa hiyo 7.2 ÷ 0.84 ni kilowati 8.6 za mafuta. Kwa bar 160: 8.6 × 600 ÷ 160, takriban lita 32 kwa dakika.

Kisha ujazo:

cc = lita kwa dakika × 1,000 × 0.93 ÷ mizunguko kwa dakika

Ile 0.93 ni kwa ajili ya mafuta yanayopenya ndani ya mota bila kuizungusha. Kwetu: 32 × 1,000 × 0.93 ÷ 2,400, tunapata 12.4. Dukani utakuta 11, 12, 14, 16 na kuendelea. Tunachukua 12. Itazunguka karibu mara 2,480 kwa dakika, ncha ya kisu itaenda mita 78 kwa sekunde. Bado tumo ndani ya kipimo.

Mwisho hakiki nguvu ya kukaza mzunguko, mafundi wanaiita toki:

toki kwa newtoni mita = cc × bar × 0.9 ÷ 62.8

Yetu ni newtoni mita 27 na nusu. Ukizidisha kwa mizunguko 2,480 na kugawa kwa 9,550 unarudi kwenye kilowati 7.1. Hesabu imefunga.

Ukiwa na lita 32 hizohizo, ukanunua mota ya cc 25 ukidhani kubwa ndiyo nzuri, toki itaongezeka maradufu lakini mizunguko itashuka hadi karibu 1,190. Ncha itakuwa inaenda mita 37 kwa sekunde na nyasi zitalala. Na ukinunua ya cc 6, mizunguko itakaribia 5,000 na ncha itavuka mita 150 kwa sekunde, kasi ambayo disiki ya visu iliyochomelewa mtaani haipaswi kuzungushwa hata kwa majaribio. Mota ni lazima ilingane na mafuta.

Kuhusu aina, nitasema kwa ufupi. Mota ya gia ndiyo ya kufyekea: inazunguka vizuri kati ya 800 na 3,000, bei yake inavumilika, inastahimili mafuta yasiyo safi kuliko nyingine. Mota ya obiti, ile fupi nene inayopatikana kwa wingi, ni ya kazi ya polepole kama kuzungusha winchi au parafujo ya kusafirishia nafaka. Ya cc 80 kwa mafuta yetu itazunguka mara 400 tu, na ncha ya kisu itaenda chini ya mita 13 kwa sekunde. Wauzaji huisifu kwa toki yake, nayo ni kweli inayo, ila si toki tunayotafuta. Mota ya pistoni ndiyo bora kuliko zote kwa nguvu na kwa maisha, lakini bei yake ni ya mtu mwenye mkataba wa kufyeka barabara mwaka mzima, tena inataka mafuta safi sana.

Hatua ya 5: Mafuta ya trekta hayatoshi? Fungia fyekeo pampu yake lenyewe

Kwa matrekta mengi ya huku, jibu la mwisho ndilo hili. Unafunga pampu ya gia kwenye shafti ya PTO kupitia giaboksi ndogo ya kuongeza kasi, na unaipa tangi lake lenyewe. Giaboksi ya moja kwa tatu inageuza 540 kuwa 1,620. Pampu ya cc 22 kwa mzunguko huo itakupa lita 33 kwa dakika, zinazotutosha.

Faida yake si wingi wa mafuta pekee. Mafuta ya fyekeo hayachanganyiki na ya giaboksi ya trekta, kwa hiyo mota ikivunjika inavunjika peke yake. Na unaweza kuhamisha seti nzima kwenda trekta jingine.

Injini itabeba kiasi gani? Pampu hiyo kwa bar 160 itadai kama kilowati 10.4 kwenye PTO, nguvu farasi 14. Trekta la farasi 50 linalibeba hilo bila shida, hata ukikumbuka kwamba Tabora ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa hewa nyembamba.

Hatua ya 6: Kununua, hasa iliyotumika

Mota mpya ikija kutoka Dar es Salaam au Mwanza, dai karatasi yenye mambo haya: ujazo, presha ya kazi ya kudumu, mizunguko ya juu kabisa, upande inaozungukia, aina ya shafti, flenji (uso wa kufungia mota kwa bolti) na nyuzi za matundu. Presha ya kudumu na presha ya muda mfupi ni vitu viwili. Wewe unafanyia kazi ile ya kudumu.

Iliyotumika mara nyingi haina kibao, au kibao kimepakwa rangi. Ujazo wake unaweza kuupima mwenyewe mezani. Jaza mafuta mepesi kwenye mota, chovya mpira wa tundu la kuingilia kwenye kopo la mafuta, na mpira wa tundu la kutokea uuelekeze kwenye chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye mistari ya mililita. Zungusha shafti kwa mkono polepole mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kisha mwaga yaliyomo kwenye chupa na uzungushe mizunguko 20 kamili, ukiwa umetia alama ya chaki kwenye shafti ili usipotee. Ikitoka mililita 240, hiyo ni cc 12. Ikitoka 180 na muuzaji anaapa ni ya 12, ama si yenyewe ama imelika ndani. Ukiwa hapo unashika shafti, isukume juu na chini: ikicheza, beringi zake zimekwisha. Tazama mlango wa kuingilia kwa tochi. Mikwaruzo mirefu kwenye ukuta wa ndani haitengenezeki.

Jihadhari na pampu ya gia inayouzwa kama mota. Kwa nje zinafanana kama mapacha. Lakini sili (kizuia mvujo) ya shafti ya pampu imeunganishwa na upande wa kunyonya, usio na presha. Ukiingiza bar 160 upande huo, sili inaruka dakika ileile na mafuta yanamwagika juu ya kisu kinachozunguka. Mota ya kuzunguka pande zote mbili huwa na tundu dogo la tatu, la kumwaga mafuta yanayopenya. Tundu hilo liunge kwa mpira wake wenyewe hadi kwenye tangi. Usilizibe, na usiliunganishe na mpira wa kurudishia.

Kuna mtego mwingine kwenye nyuzi, maana zipo za mifumo tofauti, kama BSP na UNF. Uzi wa BSP wa nusu inchi una nyuzi 14 kwa inchi. Uzi wa UNF wa saba ya nane ya inchi nao una nyuzi 14 kwa inchi. Nipeli (kiungio chenye nyuzi) ya BSP itaingia kwenye tundu la UNF, itakaza kidogo, itaonekana imeshika. Kipenyo cha ya kwanza ni milimita 20.96, cha pili ni 22.2. Inashika kwa ncha za nyuzi tu, na siku presha ikipanda itachomoka kama risasi. Pima kwa kaliper kila unapounga.

Hatua ya 7: Valvu na hozi

Kisu kikishashika kasi, hakitaki kusimama. Ukifunga valvu ghafla, kisu kinaendelea kuizungusha mota, na sasa mota ndiyo imekuwa pampu. Upande wa kutokea presha inapanda bila kikomo, upande wa kuingilia panabaki utupu. Hapo ndipo shafti zinakatika na sili zinapasuka, na mtu analaumu mota ya Kichina. Dawa yake ni valvu ya njia moja, iunganishwe kati ya mpira wa kurudishia na wa kuingizia, jirani kabisa na mota, ili mafuta yazunguke yenyewe kisu kikipungua kasi. Kama unatumia levya za trekta, simamisha fyekeo kwa kuweka levya kwenye nafasi ya kuelea (float), ile inayoacha mafuta yapite huru, usiirudishe katikati.

Karibu na mota weka pia rilifu yake, uipange bar 180. Mashamba yetu yana visiki vya miombo vilivyobaki tangu yalipofyekwa kwa tumbaku, na vichuguu vilivyofunikwa na majani. Kisu kikikigonga kisiki, rilifu inafunguka na hakuna kinachovunjika. Kwa hili haidroliki inamzidi PTO kwa mbali.

Unene wa hozi kwa lita 33 ni huu: ya presha nusu inchi, ya kurudishia robo tatu inchi, na ya kunyonyea kutoka tangini kwenda pampu inchi moja na robo, fupi kadiri inavyowezekana. Watu wanabana pesa kwenye hiyo ya kunyonyea na ndiyo inayoua pampu. Ukisikia pampu inalia kama ina kokoto ndani, inakosa mafuta. Ya kurudishia ipeleke moja kwa moja kwenye tangi kupitia chujio, isipite tena kwenye valvu za trekta.

Hatua ya 8: Joto

Katika mfano wetu PTO inatoa kilowati 10.4 na kisu kinapata 7.2. Kilowati 3 zinabaki kwenye mafuta. Tangi la lita 60, lenye kuta zenye jumla ya karibu mita moja ya mraba, haliwezi kutoa hewani zaidi ya nusu kilowati hivi. Kufyeka hakubebi mzigo kamili kila dakika, ni kweli, lakini mwezi wa kumi hewa ya Tabora inafika nyuzijoto 32 na kupita, na mafuta hayatakiwi kuzidi 80.

Ukifyeka kwa saa moja asubuhi na kupumzika, tangi la lita 60 hadi 70 linatosha. Ukitaka kufyeka kutwa, funga kipoozea mafuta chenye feni kwenye mpira wa kurudishia. Kipoozea cha gari dogo kinachozungushiwa feni ya volti 12 hakikubali presha kubwa, kwa hiyo kiwe upande wa kurudishia tu, na chenye uwezo wa kutoa angalau kilowati 2. Kipulizwe majani kila mara, maana vumbi na mbegu za nyasi huziba mapezi yake kwa nusu siku.

Mafuta yawe ya haidroliki ya daraja la 46. Ya 32 ni mepesi mno kwa joto letu, yanapenya ndani ya mota na nguvu inashuka kadiri mchana unavyopanda. Bandika kipimajoto kwenye tangi. Ukiona umefika 75, zima fyekeo na uache pampu izungushe mafuta bila mzigo.

Hatua ya 9: Kufunga na kuwasha

Usifunge kisu moja kwa moja kwenye shafti ya mota. Mota ya gia haikuumbwa kubeba mapigo ya pembeni. Tengeneza spindo, yaani shafti ya kubebea kisu, yenye beringi zake mbili ndani ya nyumba nzito, kisu kining'inie kwenye spindo, na mota iizungushe kupitia kapulingi yenye raba katikati. Visu viwe viwili au vitatu vinavyobembea kwenye disiki, vya uzito sawa. Ukinoa kimoja, noa na vingine, upime kwenye mizani.

Mita 75 kwa sekunde ni kilomita 270 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ya kokoto litakalorushwa na ncha ya kisu. Kifuniko kiwe cha bati la milimita 5 na kuendelea, kimezungushiwa minyororo mizito mbele na nyuma, na asiwepo mtu wala ng'ombe karibu. Watoto hufuata trekta kila mahali: weka mtu wa kuwazuia, hiyo iwe kazi yake pekee.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mimina mafuta safi ndani ya mota na pampu kwa mkono. Ondoa visu kwenye disiki. Zungusha kwa moto mdogo dakika chache, kisha simamisha na ukague viungo vyote. Kutafuta mvujo, pitisha kipande cha boksi, kamwe usipitishe mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu la sindano kwa bar 160 hupenya ngozi bila hata kuuma sana, na ndani ya saa chache nyama inaanza kufa. Ikitokea, usisubiri kivimbe: mpeleke mtu hospitali yenye daktari wa upasuaji, kwa mjini ni Kitete, na uwaambie wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha.

Visu vikishafungwa, anza na nyasi nyepesi. Funga geji ya presha kwenye mpira wa kuingilia na uitazame unapoendesha: bar 100 hadi 140 kwenye nyasi za kawaida ni dalili njema. Ikikaa kwenye 180 muda wote, punguza mwendo wa trekta kabla hujafikiria kubadili mota. Ikiwa haizidi 60 na nyasi zinalala, tatizo ni mizunguko, kwa hiyo pima kasi ya spindo na urudie hesabu ya hatua ya 4. Baada ya saa 50 za kwanza badilisha chujio cha kurudishia na ukate kile cha zamani utazame ndani: vumbi la kijivu kidogo ni la kawaida, vipande vinavyong'aa vinavyoshikika kwa kidole maana yake fungua mota leo.